Fimbo Haijamfundisha Maksai Kulima

Kila mvua za kwanza zinapokaribia hapa Kate, husikika usemi mmoja usiochoka: ng'ombe hafundishwi kwa maneno, hufundishwa kwa fimbo. Nimeusikia tangu utotoni, kutoka kwa watu wazima niliowaheshimu na ninaoendelea kuwaheshimu. Hata hivyo naupinga. Naupinga kwa sababu si kweli. Naupinga kwa sababu unatutia hasara sisi wenyewe. Na zaidi ya yote naupinga kwa sababu ya yale unayowafundisha watoto wetu, ambayo hakuna mzazi aliyekusudia kuwafundisha.

Ndugu msomaji usiyeifahamu Ufipa, elewa kwanza kwamba ninazungumzia jambo kubwa kwetu. Kate iko wilayani Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali pa upepo na baridi ya mwezi wa Juni. Mkoa wetu wa Rukwa ulipata kutajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini. Mahindi hayo hayakulimwa kwa matrekta peke yake. Yalilimwa kwa jembe la mkono na kwa plau linalokokotwa na ng'ombe. Basi mtu anayemharibu maksai haharibu mchezo wa watoto. Anaharibu chakula cha nyumba nzima.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Mwaka mmoja, ardhi ilipolainika kwa mvua za mwanzo, wenye plau wa mtaa wetu walishindana. Kila mmoja alipimiwa kipande cha robo eka, na atakayemaliza kwanza angenunuliwa pombe na wenzake. Hapakuwa na ubaya katika hilo. Kazi ikichanganywa na furaha huwa nyepesi. Lakini mmoja wao alimleta maksai mchanga ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza, na ambaye shingo yake ilikuwa haijaizoea nira. Alifungwa pamoja na maksai mzee aliyelima misimu mingi. Watu walikuwa wengi, makelele mengi, na watoto wakikimbia kandokando.

Misitari miwili ya kwanza alikwenda. Wa tatu akaanza kuvuta upande, akimsukuma mwenzake. Wa nne akasimama. Akapigwa, akaenda hatua kumi, akasimama tena. Kijana aliyekuwa akiwaongoza kwa mbele akageuka, akasema, "Baba mdogo, amechoka huyu." Akajibiwa, "Hajachoka. Anadeka. Mchape." Watazamaji wakacheka. Maksai akachapwa mpaka akapiga magoti, kisha akalala kabisa ndani ya msitari, macho yamemtoka, ulimi nje. Walimkunja mkia, wakampiga kwenye pembe, hakuinuka. Mwisho wakachoka wao. Wakamfungua nira, naye akakaa pale pale akihema.

Nataka tuitazame saa hiyo ya mwisho kwa makini, maana ndipo palipo na hoja yangu yote. Mtu hudhani mnyama hujifunza kutokana na kiboko. Sivyo. Mnyama hujifunza kutokana na kile kinachokikomesha kiboko. Jambo alilokuwa akilifanya wakati maumivu yalipokoma, hilo ndilo analolishika kuwa jibu sahihi. Maksai yule alipotembea alipigwa. Aliposimama alipigwa. Alipolala, baada ya muda, alifunguliwa. Basi siku ile alifundishwa vizuri sana, ila somo lilikuwa kulala. Msimu uliofuata kila alipofungwa nira alikwenda misitari michache akalala, na mwenyewe akasema ng'ombe huyu ana roho mbaya. Aliishia kuuzwa mnadani kwa bei ya nyama, na mwenye plau akarudi kukodi ng'ombe wa wenzake.

Roho mbaya! Maksai anayesimama huwa na sababu, na sababu hizo si nyingi. Ama anaumia, kwa mfano nira imemchubua shingo au imemkalia vibaya mbele ya nundu. Ama haelewi anachotakiwa kufanya. Ama amechoka, kwa kuwa ng'ombe wetu hawa wa kienyeji ni wadogo, na kwa kazi ya saa nyingi mmoja hawezi kuvuta zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ama anaogopa. Katika hizo nne, niambie ni ipi inayotibiwa kwa fimbo. Kidonda hakiponi kwa kuchapwa, wala hofu haiondoki kwa kuongezewa hofu.

Wako watakaoniambia, na wameshaniambia, kwamba huruma kwa wanyama ni mambo ya Wazungu wenye shibe. Hoja hii nataka niijibu kwa kuwaendea Wazungu wenyewe, tena kwa farasi wao.

Farasi hapa kwetu hatunao. Mbung'o wa nyika za chini na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi ulifanya mnyama huyu asitamalaki katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati na mashariki. Lakini huko Ulaya, na hata Kenya kwa wenye farasi, kuna mashindano ambayo farasi hupimwa kwa mambo matatu: kwanza kutembea kwa utii na utulivu uwanjani, pili kukimbia nyikani akiruka magogo, ua na mitaro ya maji, na tatu kuruka vizuizi vya miti vinavyoanguka akivigusa. Mashindano makubwa huchukua siku tatu au nne. Yale ya watu wa kawaida, wasiolipwa, mara nyingi humalizika kwa siku moja.

Farasi mchanga anapopelekwa huko kwa mara ya kwanza, kwa kawaida awe amefikisha angalau miaka 4. Huingizwa daraja la chini, kwenye vizuizi vifupi. Mpandaji mwenye busara hamwendei ushindi siku hiyo. Humpeleka aone bendera, asikie kipaza sauti, akutane na farasi wageni, aingize miguu katika maji asiyoyajua, kisha arudi nyumbani akiwa bado ana hamu ya kesho. Akikataa kizuizi kile kile mara tatu hutolewa mashindanoni. Matumizi ya fimbo yamewekewa kikomo katika kanuni, na kumpiga farasi baada ya kutolewa huhesabiwa kuwa kosa moja kwa moja. Kwa maneno mengine, pale mtu anapokuwa na hasira zaidi na aibu zaidi, ndipo kanuni inapomshika mkono.

Sasa, je, kanuni hizo zimewafanya Wazungu kuwa malaika? Hata kidogo. Tarehe 6 Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, dunia nzima iliona kinyume. Katika shindano la michezo mitano, wanariadha walikuwa wakipewa farasi wasiowajua kwa kupigiwa kura, na kupewa dakika 20 tu za kuzoeana nao. Mjerumani Annika Schleu, aliyekuwa akiongoza, alipata farasi aitwaye Saint Boy, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa amekwisha kumkatalia mpandaji mwingine. Farasi akagoma. Mpandaji akalia huku akimchapa, na kocha wake akampiga farasi ngumi kutoka pembeni. Farasi hakuruka kwa sababu ya ngumi ile. Schleu akaporomoka hadi nafasi ya 31, kocha akafukuzwa katika mashindano yaliyobaki, na Novemba mwaka ule ule chama cha kimataifa cha mchezo huo kikatangaza kwamba upandaji farasi utaondolewa baada ya Olimpiki ya Paris ya 2024. Ukaondolewa kweli.

Hapo nimepata mambo mawili. La kwanza, ukatili si wa kabila wala rangi. Mwenye shibe na mwenye njaa wote huufikia wakishikwa na haraka na macho ya watu. Msitari wa plau wa Kate na uwanja wa Tokyo vilikuwa na kitu kimoja: mnyama aliyedaiwa matokeo katika jambo asiloandaliwa. La pili, tofauti ilikuwa baada ya tendo. Kule mtu alifukuzwa na kanuni ikabadilishwa. Huku watu walicheka wakaenda kunywa.

Wala tusijidai kwamba hatuna sheria. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, iliyotungwa na Bunge letu wenyewe, ambayo inamkataza mtu kumpiga mnyama kikatili, kumtumikisha kupita kiasi na kumbebesha mzigo asiouweza. Wangapi katika kata zetu wameisikia? Nauliza tu.

Historia nayo inatufunza. Mwaka 1866 David Livingstone aliingia bara kupitia upande wa mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Alitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kuhimili mbung'o. Wengi walikufa. Lakini waliokuwa wakiwaswaga waliwapiga na kuwatesa hata akashindwa kujua kwa hakika kilichowaua ni mbung'o au ni mikono ya watu. Safari nzima ya kutafuta ukweli iliharibiwa na fimbo. Ndivyo ilivyo nasi tunaposema kwamba ng'ombe wa kienyeji hawafai kazi, kwamba ni wavivu, kwamba afadhali kungoja trekta. Tutajuaje, ikiwa hatujapata kuwafundisha?

Sasa niijibu hoja iliyo nzito kuliko zote, maana nisipoijibu nitakuwa nimekimbia. Mkulima ataniambia: "Mzee, mvua hainisubiri. Nina watoto sita na ng'ombe wawili. Mmoja amekufa, huyu mchanga ndiye aliyebaki. Unataka nimbembeleze huku majirani wanapanda?" Hoja hii naiheshimu. Njaa si jambo la kuhubiriwa. Lakini hebu tazama kalenda. Mvua huanza Novemba. Mavuno ya mahindi yanakwisha katikati ya mwaka, na kutoka hapo hadi mvua nyingine kuna miezi ambayo maksai hukaa bure wakila mabua shambani. Muda upo. Tunautumia vibaya, kisha tunataka kuyafidia majuma kumi na mbili kwa asubuhi moja ya viboko.

Katika miezi hiyo ya kiangazi mchukue maksai mchanga aliyetimiza miaka mitatu. Mzoeze kamba kwanza, kisha sauti yako, na jina lake liwe moja lisilobadilika. Mvishe nira bila kitu cha kuvuta, atembee na mzee wake hadi kisimani na kurudi. Baada ya siku chache mfungie gogo jepesi. Akitii, mwachie papo hapo apumzike, ili kutii ndiko kuwe mlango wa raha. Kazi iwe ya nusu saa, si ya kutwa, na ikome kabla hajachoka. Siku ya plau ikifika, mpe misitari michache asubuhi palipo na ubaridi, umfungue angali ana nguvu. Haya hayagharimu hata shilingi. Wako watu hapa hapa Ufipa wanaofanya hivyo, na maksai wao hulima miaka mingi kwa kuitwa tu.

Nabaki na watoto. Yule kijana wa mbele alikuwa ndiye pekee aliyeona sawasawa siku ile, kwa kuwa alikuwa akimtazama mnyama machoni. Akasema kweli, akachekwa. Mtoto anayechekwa kwa kuona maumivu ya kiumbe hujifunza kutoyaona. Naye kesho atakuwa baba, atakuwa mwalimu, atakuwa na mke na wadogo walio chini ya mkono wake, na wakichoka atasema wanadeka. Mnaoniambia kwamba utu wa watu uje kwanza na ng'ombe wafuate, nawaambieni mkono ni ule ule mmoja.

Kwa hiyo sitaki machozi ya mtu. Nataka mambo mawili ya kutendeka. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Itunge kwamba maksai asiyetimiza miaka mitatu asifungwe nira ya plau, na kwamba mwenye mnyama aliyelala chini amfungue mara moja. Pili, tukishindana tena kulima, na tushindane, basi awepo mwamuzi mzee anayewajua ng'ombe. Ahesabu viboko kama anavyohesabu misitari, na plau la mwenye kuzidisha litolewe shambani mbele ya watu wote. Kicheko kimwelekee yeye.