Tawi Kavu ni la Nani? Usalama wa Miti Mikubwa Shinyanga na Geita Kabla ya Mvua

Kiangazi kinapokaribia kwisha katika mikoa ya Shinyanga na Geita, wakulima huandaa mashamba na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba. Ipo kazi moja ya maandalizi inayotajwa kwa nadra: kuondoa matawi yaliyokufa kwenye miti mikubwa iliyo juu ya madarasa, masoko, vituo vya mabasi na makazi ya watu. Gharama yake ni ndogo. Kinachoikwamisha ni swali la umiliki: tawi kavu ni la nani?

Ukali wa dhoruba za ukanda huu unafahamika. Mapema mwezi Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliua watu zaidi ya 40 katika Kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Maafa yale yalitokana zaidi na kuta za nyumba zilizoporomoka, wala si miti. Hata hivyo, funzo lake linahusu kila kitu kilichodhoofika kikiwa juu ya vichwa vya watu. Upepo huangusha kwanza kile ambacho tayari kilikuwa kimelegea.

Tawi lililokufa ni miongoni mwa vitu hivyo. Tawi hai hupinda na kurudi kwa sababu lina maji na nyuzi zake zinashikamana. Tawi likifa, maji hukatika, magome hubanduka, kisha mchwa na kuvu huingia ndani. Kwa nje laweza kuonekana imara, ilhali limebaki ganda. Mvua za kwanza hulilowesha na kuliongezea uzito wakati ambapo halina tena nguvu ya kuubeba. Kwa sababu hiyo, tawi kama hilo laweza kuanguka hata siku isiyo na upepo.

Sababu za matawi kufa nyingi hutokana na shughuli za binadamu. Mizizi hukatwa wakati wa kuchimba mitaro na misingi ya nyumba. Miarobaini huchunwa magome kwa ajili ya dawa. Takataka huchomwa chini ya shina, na misumari hupigiliwa ili kutundika mabango. Ukame wa muda mrefu hukamilisha kilichoanzishwa na mikono yetu.

Mbele ya hatari hiyo, uamuzi wa haraka wa wengi ni kuuangusha mti mzima. Kwa Shinyanga, uamuzi huo una historia nzito. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mapori makubwa yalifyekwa ili kuwatokomeza mbung'o, kisha kilimo cha pamba na ongezeko la mifugo vikaendelea kuyapunguza, hadi mkoa ukaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliojengwa juu ya utaratibu wa asili wa Wasukuma uitwao ngitili: eneo la malisho na miti linalofungwa kwa msimu ili lijirudishe. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Historia hiyo ni ya Geita pia, kwani Bukombe na Mbogwe zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012.

Ngitili ilikuwa na jibu la swali letu. Katika vijiji vingi, kanuni zilizopitishwa na mikutano ya jadi ya dagashida na kusimamiwa na sungusungu ziliruhusu kuokota kuni kavu na kukataza kukata mti mbichi. Tawi kavu lilikuwa na mwenyewe, nalo liliishia jikoni kabla ya kumwangukia mtu. Mjini, utaratibu huo haupo. Mjohoro wenye tawi lililokufa mbele ya soko huonwa na mamia ya watu kila siku, na kila mmoja hudhani kuna mwingine atakayeshughulika.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama kuna uzito wa ziada. Wachimbaji wadogo huhitaji magogo, maarufu kama matimba, kwa ajili ya kushikilia kuta za maduara. Miji inayokua haraka nayo huhitaji mkaa. Mti mkubwa una bei, na neno “usalama” laweza kugeuzwa kisingizio cha kuuvuna. Mwananchi anaweza kutofautisha kazi mbili hizi kwa kutazama kinachobebwa. Lori likiondoka na vijiti vikavu, mti umepogolewa. Likiondoka na gogo lenye utomvu, hapana budi kuuliza kibali kiko wapi. Iko miti ambayo kweli haina budi kuangushwa, hasa iliyooza shina au iliyong'oka mizizi, lakini uamuzi huo ni wa ofisa misitu baada ya kuukagua.

Kwa mgawanyo wa majukumu uliopo, kila mti una pa kuanzia. Kando ya barabara kuu na za mikoa, ikiwemo ile ya Isaka hadi Lusahunga, taarifa ipelekwe TANROADS. Kwa barabara za wilaya na mitaa ni TARURA. Karibu na nyaya za umeme ni TANESCO pekee, na mwananchi asithubutu kupanda wala kukata mwenyewe. Kwenye shule, zahanati na masoko ya umma ni halmashauri. Uani kwako ni wewe. Tawi likiwa limekwisha kuanguka na kunasa watu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Ukaguzi una wakati wake. Mibuyu na baadhi ya migunga hupukutisha majani kiangazi, hivyo tawi hai na lililokufa hufanana. Ni vyema kuweka alama ya rangi mwishoni mwa masika, tawi lisilo na majani linapojitambulisha lenyewe, na kukata kati ya Juni na Septemba. Aliyechelewa akwangue gome kidogo: chini ya gome la tawi hai mna ubichi wa kijani.

Ukataji nao una kanuni. Tawi kubwa hukatwa kwa hatua tatu: mkato mdogo kwa chini, mkato wa juu mbele kidogo ya ule wa kwanza, kisha kisiki kilichobaki huondolewa nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha, hivyo usikatwe. Eneo la chini lizungushiwe kamba, mkataji avae kofia ngumu na kujifunga kamba, na mashimo yakaguliwe kwanza kwa kuwa nyuki hupenda kukaa humo.

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa za utekelezaji huhesabu miche. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haituambii lolote kuhusu mti wenye umri wa miaka 50 unaowapa kivuli wanafunzi leo. Kamati za shule na serikali za mitaa zinaweza kuongeza ajenda moja katika kikao cha mwisho wa masika: kuitembelea miti mikubwa ya eneo lao, kuorodhesha matawi makavu na kuandika jina la ofisi inayohusika na kila mti. Orodha hiyo haihitaji bajeti, na ikiwepo, hakuna ofisi itakayosema haikujua.