Stanley Hakuwa Afisa

Jina la Stanleyville lilifutwa mwaka 1966, mji ukawa Kisangani, lakini mwenye jina bado anabishaniwa. Kapalata, kama mitaa mingine ya Kisangani, haikosi wajuzi wa historia, na wapo wanaomsimulia Henry Morton Stanley kama afisa wa jeshi: Mmarekani aliyepanda vyeo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, akapigania uhuru wa watumwa, kisha akaja na ujuzi huo kuuteka mto wetu wa Kongo. Hakuna hata kimoja hapo kinachosimama.

Umarekani wake hautuchukui muda. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akakulia katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alifika New Orleans mwaka 1859, na jina la Stanley alilipatia huko. Uraia wa Marekani aliuchukua mwaka 1885, vita vikiwa vimekwisha miaka 20 nyuma.

Sasa huo uafisa. Mwaka 1861 alikuwa karani wa duka Cypress Bend, Arkansas. Alijiandikisha katika Kikosi cha 6 cha Arkansas, jeshi la Kusini, kwenye kombania iliyojiita Dixie Grays, akiwa askari wa miguu asiye na cheo. Aprili 1862 alipigana Shiloh. Siku ya pili ya mapigano alikamatwa, akapelekwa kambi ya mateka ya Camp Douglas, Chicago, mahali ambapo maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Juni akakubali kubadili sare na kuingia kikosi cha mizinga cha Kaskazini. Kuhara damu kukamwangusha, akaachishwa kazi mwezi huohuo. Mwaka 1864 alijiunga na jeshi la majini la Kaskazini, akawa karani katika meli ya Minnesota. Mizinga ilipoipiga ngome ya Fort Fisher, yeye alikuwa melini, kazi yake kuandika. Februari 1865 akatoroka.

Majeshi matatu, basi, na katika yote hakupata hata ukoplo. Mwenyewe hakuwa mchoyo wa kujisifu, na habari zake nyingi za ujanani zimetiwa chumvi. Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1909, yeye akiwa amekwisha kufa miaka mitano, anajitaja kama askari wa kawaida. Sisi tunampa cheo ambacho yeye hakuthubutu kujipa.

Wanaosema alipigania uhuru wa watumwa wanasahau alianzia upande gani. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili utumwa ubaki. Na hata huko hakwenda kwa imani: anasimulia kwamba alipochelewa kujiandikisha alitumiwa kifurushi chenye nguo za kike, aibu ikamsukuma. Kuna pia wanaomwita msaliti kwa kuhama upande. Hao nao wamezidisha. Kijana wa miaka 21 kutoka Wales, akizungukwa na maiti Camp Douglas, hakuwa na deni kwa Kusini wala kwa Kaskazini. Alitaka kutoka humo akiwa hai, na sioni la kumlaumu hapo. Mkombozi lakini hakuwa.

Hoja inayotugusa zaidi ni ile ya ujuzi wa vita. Msafara wake wa 1874 ulianzia Bagamoyo, na waliouongoza njiani ni Wangwana wa Unguja: Manwa Sera ndiye aliyekuwa mkuu wao, Uledi akishika usukani wa mashua. Mwaka 1876, huko Manyema, Stanley aliogopa msitu kama mtu yeyote, akamlipa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, amsindikize kwa mamia ya watu. Tippu Tip aligeuka Desemba, na katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili analalamika kwamba ahadi za malipo hazikutimizwa. Januari 1877, kwenye maporomoko yetu, mitumbwi ilitolewa majini na kuburutwa msituni kwenye njia zilizofyekwa kwa shoka, huku wenyeji wakiilinda nchi yao kwa mikuki. Stanley alitoa amri, na watu wake walipiga risasi bila huruma. Lakini walioburuta ni Wangwana, na walikufa wengi kabla ya kufika Boma mwezi Agosti.

Wala hakuuteka mji. Tarehe 1 Desemba 1883 alikuja kwa mashua za moshi, akajadiliana na wenyeji, akapewa kisiwa, akamwacha Binnie, fundi mitambo wa Kiskoti, na walinzi wachache. Maafisa walikuja baadaye. Kapteni Deane alifukuzwa na watu wa Tippu Tip mwaka 1886. Vita vya 1893 dhidi ya Waarabu vilipiganwa na maafisa Tobback na Chaltin, pamoja na askari Waafrika wengi ambao hatuwataji kabisa tunapobishana.

Na kama kuna anayedhani cheo cha kweli kingesaidia, amkumbuke Meja Edmund Barttelot, afisa halisi wa Uingereza, ambaye Stanley alimwachia kikosi cha nyuma cha msafara wake mwingine huko Yambuya mwaka 1887. Alitawala kwa viboko, na watu wake wakafa kwa njaa na maradhi. Julai 1888 alitoka alfajiri kwenda kumnyamazisha mwanamke wa Kimanyema aliyekuwa akipiga ngoma. Mume wa mwanamke huyo, Sanga, akampiga risasi. Sanga alihukumiwa hapa maporomokoni, akauawa.

Mwalimu wa Kapalata atakayefika kwenye somo la Stanley na aandike ubaoni: askari asiye na cheo, mateka, karani wa meli, mtoro. Chini yake aongeze majina ya Manwa Sera na Uledi.