Mama, unajua kaburi la mwanao lilipo? (Sehemu ya 9)

Leo mada si tamu. Aliye mjamzito na siku hizi machozi yako karibu, airuke hii asubiri ya kesho kutwa. Wengine tukae.

Nataka tuongee kuhusu makaburi ya watoto wachanga. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 24 hufariki kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza. Hapo bado hujawahesabu wanaozaliwa wakiwa wameshafariki. Kwa hiyo kwenye lile benchi la kliniki tunalobanana Jumatatu, yupo aliyezika. Labda ni wewe.

Sasa mambo yanavyoendaga. Mtoto anafariki saa nane usiku. Asubuhi wanakuja baba, mjomba na bibi, wanakabidhiwa mwili umefungwa kwenye khanga. Saa sita mchana wameshazika. Mama bado yuko wodini, pengine ana mshono, dripu iko mkononi. Siku ya pili au ya tatu maziwa yanajaa, maana mwili haujui kama mtoto hayupo. Akiuliza mmemzika wapi, anajibiwa "wewe pumzika, tulishamaliza." Anaruhusiwa, anarudi nyumbani, anaogopa kuuliza tena asionekane anachokonoa. Nimekutana na mama wa mimba ya nne ambaye nikimchukulia historia anasema wa kwanza alifariki, na kaburi lake halijui hadi leo. Anajua tu ni "huko upande wa makaburi ya zamani."

Mimi hili silikubali, na nitasema kwa nini.

Wazee wanasema mama mzazi haendi makaburini. Kwa wiki ya kwanza nawaunga mkono kabisa, ila kwa sababu zangu za kinesi: damu bado inatoka, mshono haujakauka, jua la Shinyanga mnalijua, na kusimama saa mbili kunaweza kukuangusha. Ndugu zangu Waislamu nao wana utaratibu wao wa wanawake kutofuata jeneza, sibishani nao. Lakini siku ya kuzika na siku ya kuzuru ni vitu viwili. Hakuna sheria ya nchi hii inayomkataza mama kufika kwenye kaburi la mwanae baada ya kupona. Baba, ukisoma hapa: baada ya wiki sita, mke wako akishamaliza kliniki yake, mpeleke. Muonyeshe. Usimwambie asilie. Kazi yako ni kubeba maji ya kunywa na mwavuli.

Halafu kuna suala la karatasi, na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea kwa sababu mtoto alikuwa mdogo. "Wa siku mbili anaandikishwa wa nini?" Anaandikishwa. Akifia hospitali, usiondoke bila tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, toa taarifa kwa mtendaji. Kisha kifo kisajiliwe kwa msajili wa RITA wa wilaya ndani ya siku 30. Ukichelewa haimaanishi umekosa, ila mzunguko unakuwa mrefu na wewe huna nguvu za kuzunguka.

Utaniuliza, nesi, karatasi itanisaidia nini na mtoto ameshaondoka? Tazama ardhi yetu. Ibadakuli ya leo ina uwanja wa ndege, ina kituo kikubwa cha kupozea umeme, viwanja vinapimwa kila kona. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ni kilomita 341, imekatiza mashamba na vijiji vya watu. Ukienda Geita na Kahama kuna migodi. Ardhi ya ukanda huu inahama mikono kuliko tunavyodhani, na panapohamishwa walio hai, wafu nao huhamishwa.

Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Serikali ikitaka eneo kwa manufaa ya umma, inatangaza nia ya kuhamisha makaburi yaliyopo, na wenye makaburi wanajitokeza. Fidia yake haifanani na ya nyumba. Inahusu gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kulijenga tena, pamoja na tambiko au ibada itakayofanyika. Soma hapo vizuri: wenye makaburi wajitokeze. Kaburi la babu lina saruji na jina, kila mtu analijua. La kichanga lililochimbwa haraka pembeni ya mgomba, bila jiwe, aliyechimba alishahamia Mwanza, nani atalionyesha kwa kidole? Greda halina macho.

Ndiyo maana nasema weka alama. Na alama isiwe ya mbao tu, mchwa wa huku wanamaliza msalaba msimu mmoja. Chuma nacho kinaondoka usiku kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, aibu kubwa lakini ndivyo ilivyo. Udongo wa mbuga unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, kaburi dogo linatitia mpaka linalingana na ardhi. Njia rahisi ni tofali la saruji. Likiwa bado bichi andika kwa msumari jina na tarehe. Kama hakupewa jina, andika "mtoto wa" fulani. Lizike nusu, upande wa kichwa. Kwa familia zisizoandika majina kaburini, jiwe moja linatosha, ili mradi watu wawili au watatu wanalijua. Na kwenye simu yako, ukiwa umesimama pale pale, fungua ramani uhifadhi eneo.

Lakini wenye mtoto mwenye ualbino, kwenu nabadilisha ushauri. Sote tunajua kilichotokea ukanda huu, watu waliouawa na makaburi yaliyofukuliwa kutafuta mifupa. Buhangija pale watoto waliletwa kutoka mbali kwa sababu nyumbani hapakuwa salama. Kuna familia zilizomwaga zege juu ya kaburi kwa woga huo, na sizicheki. Kwenu alama iwepo ila isijitangaze. Eneo libaki kwa baba, mama na mtu mmoja wa ukoo mnayemwamini kweli. Usirushe picha ya kaburi mtandaoni, hata kwenye kundi la familia, maana kundi la watu 60 lina watu usiowajua. Zege wekeni kama uwezo upo. Mkiona udongo umeguswa, msiingie kukanyaga, nendeni polisi kwanza. Kanuni ya Adhabu inalihesabu kuwa kosa la jinai kuingilia mahali pa maziko kwa nia ya kuumiza hisia za watu au kudhalilisha maiti. Si suala la kumalizana kwa mwenyekiti wa mtaa kwa kuku wawili.

Kwa makaburi ya halmashauri, sitaandika mengi kwa sababu mnayajua ila hatuyafanyi. Kijana anachunga ng'ombe mle kwa kuwa majani ni mazuri. Watoto wanarukaruka juu ya matuta na mama zao wanapiga stori. Mtu anasafisha kaburi lake anatupa majani kwenye kaburi la jirani, tena akiona halina jina ndiyo kabisa analigeuza jalala. Tuta fupi kama urefu wa mkono wako ni la mtoto wa mtu, zunguka. Na ukikuta mama ameketi peke yake analia, usimsogelee na simu, na usimwambie Mungu atampa mwingine. Msalimie kwa sauti ya chini, upite.

Halmashauri nazo nina neno nao. Leta daftari. Kila kaburi namba, na upande wa watoto upangwe kwa mistari kama wa wakubwa, siyo kubanwa kwenye uzio popote nafasi ilipobaki. Daftari la kurasa 200 ni bei ya soda chache. Mlinzi akiwa nalo getini, mama akija baada ya miaka mitano anataja jina na tarehe, anaonyeshwa.

Walioniuliza jana kuhusu maziwa yanayouma baada ya kumpoteza mtoto: vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha maji baridi, kamua kidogo tu ukizidiwa, usikamue mpaka yaishe. Ukipata homa au titi likawa jekundu na la moto, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Na ukija, niulize pia habari ya karatasi, tutaangalia pamoja kwenye faili.