*UKAME HAUVAMII USIKU: TUNATAKA UBAO WA UKAME KILA KIJIJI CHA BUTIAMA*



Mafuriko huja usiku mmoja. Ukame huja kwa miezi, na huja ukionekana. Mvua huchelewa, malisho hukauka, maziwa hupungua, ng'ombe hukonda, bei ya debe la mahindi hupanda. Njaa ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo Serikali inapofika na gunia baada ya watu kuuza ng'ombe wao kwa bei ya kutupa, hatuwezi kuita huo msaada wa dharura. Huo ni uchelewaji.

*Hatusemi kwamba Serikali haioni.* Inaona, na vyombo inavyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli kabla msimu haujaanza, na wa masika vilevile. Upo Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, unaoitwa MUCHALI. Upo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) wenye maghala ya nafaka. Na ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi ngazi za chini.

*Kinachokosekana ni kamba ya kuunganisha jicho na mkono.* TMA ikisema mvua itakuwa chini ya wastani, nani analazimika kufanya nini, na kabla ya tarehe gani? Muulize mtendaji wa kijiji chako. Muulize diwani wako. Kama jibu ni "tunasubiri maelekezo kutoka juu", basi kipimo chetu ni sawa na kipimajoto kinachosoma homa ya mgonjwa bila kumpa dawa.

Mifano ipo. Vuli ya 2021 ilitabiriwa kuwa hafifu katika maeneo mengi. Ilipofika Januari 2022, mizoga ya ng'ombe ilikuwa imetapakaa Simanjiro, Kiteto na Longido. Utabiri ulikuwepo, ng'ombe wakafa.

Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 2017, viongozi wa juu kabisa walisimama hadharani wakasema nchi haina njaa. Haikupita muda, tathmini ya Serikali yenyewe ikataja halmashauri 55 na watu zaidi ya milioni moja wenye upungufu wa chakula. Tujifunze hapa: pasipo kipimo kilichobandikwa wazi, njaa inakuwa suala la kauli ya mkubwa. Akisema ipo, ipo. Akisema haipo, anayelala njaa anaonekana mchochezi.

*Tuangalie jirani.* Mkoa wetu wa Mara unapakana na Kenya. Huko kuna Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Ukame, na sheria yake ni ya mwaka 2016. Kila mwezi hutoa taarifa kwa kaunti 23 zenye ukame, Narok ikiwemo. Wanapima hali ya malisho kwa setilaiti, umbali wa kufuata maji, maziwa yanayokamuliwa, bei ya mbuzi ikilinganishwa na ya mahindi, na mzingo wa mkono wa mtoto. Kisha wanatamka kaunti iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au nafuu. Hatusemi Kenya wamemaliza tatizo. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo yao zaidi ya milioni mbili, na fedha nazo huchelewa. Lakini mwananchi wa Narok ana karatasi ya kumbana nayo kiongozi wake. Sisi wa Butiama tuna nini mkononi?

*Tutajibiwa kwamba Serikali haina shamba.* Ni kweli, haina. Lakini ina ushuru wa mazao, ina ushuru wa mnadani, ina maghala yaliyojazwa kwa kodi zetu. Anayechukua ushuru mwaka wa neema hawezi kukana ujamaa mwaka wa shida.

*Tutajibiwa kwamba kuna mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama.* Tunaukubali, na tunataka kila kijiji kifikiwe. Lakini bomba la maji ya kunywa halimwagilii mtama wala halioteshi nyasi.

*Tutajibiwa kwamba ukame ni mapenzi ya Mungu.* Mvua ni ya Mungu. Ghala lina funguo, na funguo ziko mikononi mwa binadamu. Hapa ndipo alipozaliwa Mwalimu, akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Wazee wale walioiheshimu mvua kiasi hicho hawakukaa kuisubiri mikono mitupu. Walijenga vihenge.

*TUNATAKA MAMBO MANNE:*

1️⃣ Ubao wa ukame kila ofisi ya kijiji, uonyeshe kila mwezi mvua iliyonyesha, bei ya debe la mahindi, bei ya ng'ombe na hali ya malisho.

2️⃣ Viwango vitangazwe mapema: tukifika tahadhari, mbegu za mtama na vipando vya mihogo vitolewe, tukifika hatari, mahindi ya NFRA ya bei nafuu yaletwe hadi kwenye kata, si kuishia makao makuu ya wilaya.

3️⃣ Bajeti ya Halmashauri iwe na fungu la ukame linalosomwa hadharani, kiasi kilichotengwa na kiasi kilichotoka.

4️⃣ Wafugaji waambiwe mapema, ili auzaye ng'ombe amuuze akiwa bado na nyama.

*KAZI YA KILA MWANACHAMA:* Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Hudhuria. Simama, uliza kwa heshima: "Kijiji chetu kiko hatua gani ya ukame, na hatua hiyo inamlazimu nani?" Hakikisha swali lako na jibu lake vimeandikwa kwenye muhtasari. Usigombane na mtendaji. Naye anasubiri maelekezo kama wewe. Tunachodai ni utaratibu usiosubiri maelekezo.

Njaa haiulizi kadi ya chama. Ndugu yetu wa chama kingine naye ana watoto na ng'ombe. Mtumie ujumbe huu.

*Imetolewa na Uenezi wa Tawi, Butiama – Mara.*