Njia ya Sukari Imo Ndani ya Gome

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wenye elimu, wadhanio kuwa gome la mti ni vazi tu, na kwamba abanduaye magome ya muarobaini kwa ajili ya dawa, hata akalizunguka shina lote, hakuudhuru mti, kwa kuwa majani yake hubaki kijani muda mrefu baadaye. Dhana hiyo ndiyo itumalizayo miti, na ni wajibu kuipinga.

Maji hupanda toka mizizini kwa njia ya ubao. Amma sukari, itengenezwayo majanini kwa nuru ya jua, husafiri katika floemu, tabaka jembamba lililo upande wa ndani wa gome. Ernst Münch, mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, alieleza mwaka 1930 kwamba sukari ijaapo katika mirija ya majani huvuta maji, shinikizo likapanda, na utomvu ukasukumwa kuelekea penye shinikizo dogo, pale sukari inapotumika au kuwekwa akiba: mzizi, tunda, au chipukizi. Mgema aujua mwendo huo kwa mikono yake: hulifunga karara lisifunuke, akalichonga ncha kwa kotama asubuhi na jioni, ubale mwembamba mno, na utomvu uliokusudiwa kulisha maua na nazi ukamdondokea kibuyuni, mtamu, kabla haujachacha ukawa tembo. Tena mnazi hustahimili mikato ya wakwezi miaka nenda miaka rudi, kwani mirija yake imetawanyika katika shina zima.

Muembe na muarobaini haikujaaliwa hivyo. Gome likibanduliwa mzunguko mzima, sukari hukwama juu ya jeraha, na hapo gome huvimba, kama alivyoona Marcello Malpighi wa Italia tangu karne ya 17. Chini yake mizizi hula akiba yake, ilhali maji yangali yakipanda na majani yangali yakimeta, hata mizizi ife njaa, nasi tukasingizia mchwa au kiangazi.

Siwaambii waganga waache magome, maana siha za wengi zimetegemea dawa hizo. Biashara ya kimataifa ya gome la Prunus africana, mti wa milima yetu utafutwao kwa maradhi ya tezi dume, imo chini ya mkataba wa CITES tangu 1995. Lakini hapana mkataba uwezao kulinda kila muarobaini wa uani. Atakaye gome na akate kipande cha wima, upande mmoja tu, kisichozidi robo ya mzingo wa shina, wala asiguse upande wa pili mpaka jeraha la kwanza limefunga.