Mipira ilijaribiwa kwa siri, shofere njo analipa

Leo tunazungumuza juu ya mipira, lakini si ule wa Mazembe. Ni mipira ya motokari za mashindano ya Formula 1, zenye vijana wetu wanaangalia ku televisheni siku ya Mungu. Mwingine atauliza: watu wa sendika ya mugodi wanatafuta nini kule? Asome kwanza.

Jumapili tarehe 30 Juni 2013, kule Silverstone mu Uingereza, Lewis Hamilton alikuwa mbele ya wote wakati mupira wake wa nyuma ulipasuka. Kisha ule wa Felipe Massa. Kisha wa Jean-Éric Vergne. Karibu na mwisho, ule wa Sergio Perez, na Fernando Alonso aliyekuwa nyuma yake alikosa kidogo tu kupigwa na vipande. Mutu mwenye amekwisha kusimama mu karieri siku mupira wa kamyo kubwa unapasuka, hana lazima ya kuelezwa zaidi. Siku ile hakuna shofere aliyeumia. Siye tunasema ni Mungu tu.

Lakini kabla ya siku ile kulikuwa kesi, na ile kesi njo inatuumiza kichwa.

Tangu 2009, sheria ya FIA, ile inayosimamia mashindano, ilikuwa inakataza ekipe kujaribu motokari ya mwaka ule katikati ya mashindano, ili matajiri wasiwapite wengine kwa nguvu ya franga. Pirelli, fabriki ya Italia, njo peke yake inatoa mipira kwa ekipe zote tangu 2011. Wakati ule yenyewe ilikuwa na ruhusa ya kuita ekipe moja na kujaribu mipira kwa kilometa 1,000, lakini ilikuwa lazima ekipe zote zipewe nafasi sawasawa.

Mwaka 2013 mipira ilikuwa inaisha haraka sana. Tarehe 12 Mei mu Barcelona, hata Alonso aliyeshinda alibadilisha mara ine. Mercedes iliumia kupita wengi: shofere wake wawili walianza mbele kabisa, lakini Nico Rosberg akamaliza wa 6, Hamilton wa 12. Siku tatu kisha, wengine walipokwisha kwenda, Mercedes na Pirelli walibaki palepale. Tarehe 15 mpaka 17 Mei wakazungusha motokari ya mwaka ule karibu kilometa 1,000, na shofere walewale wawili, wamevaa kaske bila alama. Juu ya nini kaske bila alama? Walisema ni kwa usalama wao, watu wasiwajue. Siye tulicheka.

Wiki mbili hazikuisha, maneno yakatoka mu Monaco. Red Bull na Ferrari wakashitaki. Siku ya mashindano, Rosberg akashinda. (Ferrari nayo ilikuwa imefanya jaribio na Pirelli, lakini na motokari ya 2011, na FIA ikaona hakuna kosa.)

Tarehe 20 Juni wakaingia mbele ya tribinali mu Paris. Mercedes ikasema: tuliuliza Charlie Whiting, mukubwa wa mashindano ndani ya FIA, na alitukubalia. Tribinali ikaona hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini ekipe zingine hazikuambiwa, na Mercedes ilipata faida. Hukumu: karipio kwa wote wawili, sawa ile barua ya lawama yenye wanatuandikia ku kazi. Tena Mercedes iondolewe mu jaribio ya siku tatu ya shofere vijana. Gharama wakagawanya kwa tatu, na FIA nayo ikalipa fungu lake. Na sikieni hii: mwanasheria wa Mercedes mwenyewe njo alikuwa amependekeza azabu ya namna ile. Mutu wetu akikamatwa na waya wa shaba mita moja, nani anamuuliza achague azabu yake?

Siku tisa kisha, Silverstone. Pirelli ikasema ekipe zingine zilifunga mupira wa kuume upande wa kushoto, na pumzi kidogo, jambo lenye halikukatazwa mpaka siku ile. Mbele ya pale, Pirelli ilitaka kubadilisha namna ya kutengeneza mipira. Ilihitaji ekipe zote zikubali, na zenye zilikuwa zinapata faida na ile mipira zilikataa. Kwa hiyo hata wenye kushitaki mu Monaco tusiwaite watakatifu. Walilia juu ya nafasi, si juu ya shingo ya shofere.

Waliolia juu ya shingo ni shofere wenyewe. Tarehe 4 Julai, kule Ujerumani, wakatoa tangazo kwa jina la chama chao: mipira ikipasuka tena namna ile, tunatoka mu mashindano. Watu wenye mishahara ya mamilioni, lakini maneno ni yetu kabisa. Tarehe 7 walipanda juu ya mipira mingine ya nyuma, yenye ndani waliweka kevla pahali pa chuma, na hakuna iliyopasuka.

Siye tunajua jaribio la siri ni kitu gani. Kuna kazi moja, mwaka mmoja, watu walikuja na mashini ya kupima vumbi. Wakaifunga ku kifua cha wenzetu, wakazunguka nayo siku nzima. Delege wetu aliomba majibu mu komite ya usalama. Wakamwambia karatasi ni ya kampuni. Vumbi lilikuwa la nani? Wawili wa wale waliobeba mashini wanakohoa mpaka leo, na hakuna mutu aliwaonyesha hata namba moja.

Kwa hiyo tunasema: jaribio lenyewe si kosa. Mipira ilikuwa mibaya, lazima ijaribiwe, hata kesho. Kosa ni kuwaficha wenye wataikalia, na kisha kuandika azabu yenye inawaangukia walewale. Sababu Jumatano tarehe 17 Julai 2013, jaribio ya vijana ilianza kulekule Silverstone, na baada ya ile mipasuko FIA ilifungua mlango: hata shofere wakubwa waliingia kujaribu mipira mipya. Mercedes ilikuwa inje. Hamilton hakuandika mkataba na Pirelli, hakupiga simu kwa Whiting. Aliitwa kazini, akaenda. Ndiyo, alijua wenzake hawapo, na alinyamaza. Tunamulaumu kwa ile. Lakini mupira wake njo ulipasuka wa kwanza, na ile mipya aliikalia mara ya kwanza kule Hungaria mwisho wa mwezi ule, wenzake wakiwa wamekwisha kuizoea. Wakubwa waliotia sahihi walikuwa wamekaa ku ukuta, na saa zao mukononi.