Umeacha gemu, je, muda wako umekwenda na maji?

Leo nataka tuongelee jambo linalowakera chini chini masela wengi wa rika langu. Umecheza gemu za mtandaoni miaka mitatu, minne, siku moja umezifuta kwenye simu na kutulia. Halafu maza au mchumba anakuuliza, "Haya, muda wote ule umepata nini?" Unabaki kujikuna kichwa.

Mimi mwenyewe niliacha nilipopata kazi ya zamu za usiku, kwa hiyo swali hilo nimeshalijibu mara nyingi, na siyo kila mara kwa jibu lile lile.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina urafiki na mtu. Chukua PUBG Mobile, gemu iliyotoka mwaka 2018. Watu hadi 100 wanashuka kisiwani kwa miamvuli, eneo salama linazidi kubana, na anayebaki hai mwisho ndiye mshindi. Mechi ikifika ukingoni inakula kama nusu saa hivi. Piga mechi nne kila usiku, hizo ni saa mbili. Kwa mwaka ni saa 730. Kwa miaka mitatu ni saa 2,190, yaani siku 91 usiku na mchana, bila kulala wala kwenda msalani! Kwa anayefanya kibarua saa nane kwa siku, hizo ni siku zaidi ya 270 za kazi. Ukiiona namba hiyo kwenye karatasi lazima umeze mate.

Lakini ngoja kwanza, bwana we. Mbona mzee anayeshinda barazani kwenye bao hatumuulizi amepata nini? Mashimo 32, kete 64, kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, na tunamwita bingwa wa mtaa. Na wewe unayejazana kibanda umiza kutazama ligi ya Uingereza, mechi mbili Jumamosi na mbili Jumapili, mwisho wa msimu unaondoka na nini zaidi ya sauti iliyokauka kwa ubishi? Kama kucheza ni kupoteza muda, basi tumepoteza wote.

Tofauti mimi naiona hapa. Bao likiisha, kete zinakusanywa na mzee anakwenda zake kula. Ubao haumfuati nyumbani kumwambia kwamba asipocheza kesho atakosa zawadi. Gemu ya mtandaoni ina zawadi ya kila siku, kazi za kila wiki, na msimu mpya ukianza daraja lako linashushwa ili upande tena. Ndiyo maana utamkuta mtu saa nane za usiku, macho mekundu, hacheki, hafurahi, lakini anacheza. Huyo hachezi tena, anatumika.

Halafu kuna suala la mshiko. Namfahamu kijana mmoja aliyepewa ada ya kurudia mtihani, akainunulia nguo za mtu wake wa kwenye gemu na rangi ya bunduki. Alitesa kweli kweli, kila aliyemwona kule ndani alimsalimia. Mtihani ulipofika, akabaki maskani. Na kwa taarifa yako, nguo zile hazikuwa mali yake. Mchezaji ni mpangaji tu, siku mwenye nyumba akifunga mlango kila kitu kinabaki ndani. Wachezaji wa Star Wars Galaxies yaliwakuta mwaka 2011, na watoto wa Club Penguin mwaka 2017. Seva zilizimwa, kwisha habari.

Sasa mtasema nimeshatoa hukumu. La hasha! Sikilizeni habari ya Mats Steen wa Norway. Kijana huyu alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, akawa wa kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi akicheza World of Warcraft kwa jina la Ibelin. Wazazi wake walisikitika, wakiamini mtoto wao anaishi peke yake chumbani bila rafiki. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Walipotangaza msiba mtandaoni, zikaanza kumiminika barua pepe kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali, wakieleza jinsi kijana huyo alivyowasikiliza na kuwashauri wakati wa shida zao. Baadhi yao walisafiri hadi Norway kumzika. Mwaka 2024 filamu ya maisha yake ilitoka. Mwenye ubavu wa kusema muda wa Mats ulipotea, asimame.

Na mimi ninao ushahidi wangu mdogo. Timu yetu ilikuwa ya watu wanne: mimi na jirani yangu wa Dar, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Muscat ambaye Kiswahili chake ni cha bibi yake wa Unguja. Tulikuwa tunaongea hewani huku tunapigana. Nilipoacha, jamaa wa Mombasa akapotea moja kwa moja, hata salamu hakuna. Lakini dingi wangu alipofariki, wa Muscat alinipigia simu kabla ya baadhi ya ndugu wa ukoo, na rambirambi yake ilinunua mchele wa msiba. Sura yake sijawahi kuiona ana kwa ana mpaka leo.

Ndiyo maana nasema, usihesabu saa tu. Angalia nani alikuwa na wewe ndani ya hizo saa, na nini ulikiacha nje kikiungua. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, halikusema kila mchezaji ni mgonjwa. Linamtaja aliyeshindwa kujizuia, anayetanguliza gemu mbele ya kila kitu, na anayeendelea hata akiona inamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kama hizo tatu unazo, mwone daktari, usione aibu.

Kwa wewe unayetaka kuacha, ushauri wangu ni mfupi. Kwanza, usitoroke kimya kimya, waage wenzako na uchukue namba zao, maana hao ndio mali pekee unayoweza kutoka nayo. Pili, zile saa mbili za usiku zitafutie kazi mapema, ama sivyo simu itakuita. Tatu, akikuuliza mtu umepata nini, mtajie majina ya watu. Ukikosa hata jina moja la kutaja, hapo ndipo ukae chini ufikirie.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.